Theluthi ya Mwanamisi

Ingieni, wanangu. Shaaban, kaa huku mkono wangu wa kulia, wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Shehe, kaa pale miguuni nikuone uso, maana wewe hukasirika kwa macho kabla ya mdomo, na mimi leo nataka nijue ni neno gani limekuudhi. Mzee Mgeni, jirani yangu wa siku zote, karibuni mkekani wewe na mwanao, nimewaita kwa sababu wosia usio na mashahidi ni porojo za mgonjwa. Vuteni mlango. Najua kuna watu wa Rwabigwi wamekaa barazani kwetu na fimbo zao mapajani, najua wamesema watangoja mpaka ukungu uondoke bondeni na si zaidi ya hapo, nimewasikia kwa masikio yangu, sijafa bado. Waacheni wangoje. Mama yenu anakufa, na hata Rwabigwi, bwana mkubwa wa kilima hiki, hawezi kuingia katikati ya maneno ya mtu anayekufa.

Na nawaambia mapema ili mtu asije akasema hakuambiwa: asiinuke yeyote kwenye mkeka huu mpaka nimalize. Nikikohoa, ngojeni. Nikinyamaza, ngojeni. Atakayevuka kizingiti kile kabla sijatamka kwamba nimemaliza, radhi yangu asiitafute, si hapa duniani wala kesho mbele ya Mwenyezi Mungu, na akija kaburini kunisomea Fatiha atausomea udongo. Mmenisikia? Shehe, itikia kwa sauti. Haya.

Nipeni maji. Kifua hiki... kikinishika namna hii nadhani ndiyo basi tena. Asante, Shaaban. Nimekohoa mpaka kuta zimetikisika, lakini sauti ninayo bado, na nitaitumia.

Nayajua mliyonong'ona jana uani mkidhani nimelala. Shaaban, ulisema, "Tumtoe. Yeye ndiye aliyekata ile chapa, basi aende yeye akajibu." Na wewe Shehe ukavuta pumzi ndefu ya kisomi, kisha ukasema, "Isitoshe si wa kwetu hasa, ni mtoto wa yule mwanamke wa ng'ambo." Yule mwanamke wa ng'ambo! Mke wa kaka yenu Othman, aliyeolewa kwa mahari na mashahidi, na Mzee Mgeni huyu akiwa mmoja wao, mkala wali wa ndoa yake mpaka mkashindwa kuinuka. Sikuwaita ili niwatukane, wanangu, ila neno lile lilinichoma, na sitaki kuondoka nalo moyoni.

Basi nisikilizeni kwa utaratibu, hata kama habari nyingine mnazijua, maana nataka mashahidi wazijue pia.

Mimi nilizaliwa Pangani, na mama yangu alikuwa mpiga chapa. Alikuwa akikata maua na nyota kwenye mti laini, akachovya kwenye rangi, akagandamiza juu ya merikani nyeupe, na nguo ya kawaida ikageuka kuwa nguo ambayo watu huja kuomba kuiazima. Baba yenu aliponioa na kunileta huku bara kwa miguu, Othman nikiwa nimembeba mgongoni, nilifungasha chapa za mama katikati ya nguo zangu, na njia nzima nilipotaka kulia nilikuwa nazipapasa nikanyamaza. Tulifika Bweranyange nchi imejaa ng'ombe mpaka huoni majani. Sotoka ilikuja baadaye ikawafagia, na njaa, na ndui, na Wadachi wa Bukoba na kodi zao, hayo mliyaona wenyewe. Lakini siku zile za mwanzo sikumjua mtu, na lugha yao niliisikia kama maji yanayochemka, na ndipo ulipozaliwa wewe, Shaaban, nami nikashikwa na homa na maziwa yakanikauka.

Nani alikunyonyesha? Sema, usiangalie chini. Kemilembe, mama yake Rwabigwi. Alikuwa na mwanawe mdogo begani, akaja hapa bila kuitwa, akakutoa mikononi mwangu, akakuweka ziwa la pili. Wewe na Rwabigwi mmenyonya pamoja, ni ndugu wa kunyonya, na dini yetu inaujua undugu huo na wao wanaujua pia. Mmekuja kugombana ukubwani kwa ajili ya mbuzi waliokula maharage, mbuzi, Shaaban, mkaacha kusalimiana, mkawa mnapishana njiani kila mmoja anatazama migomba. Nilikuomba mara ngapi uende ukamwamkie Kemilembe, umwambie shikamoo tu urudi? Ukasema utakwenda. Leo watu wake wako barazani kwako, na ndugu wa kunyonya hawezi kutoka kwenda kuwaambia neno, anataka kuwapa mtoto wa marehemu kaka yake badala ya neno.

Sasa habari za mtoto huyo.

Adija alianza kunisumbua kabla hajajua kufunga kitambaa kichwani. Othman na mkewe walipochukuliwa na ndui mwaka mmoja, aliletwa kwangu hasemi na mtu, siku nzima ameinama anachora mchangani kwa kidole. Nikatazama anachochora. Kilikuwa ni ukuta wa nyumba ya kina mama yake, ng'ambo ya Kagera, kule Gisaka, ambako wanawake hupaka samadi ukutani ikainuka kama mishipa, kisha wakaipaka nyeusi na nyeupe na nyekundu, pembe juu ya pembe, mpaka macho yanazunguka. Alikuwa akiyakumbuka yote, na sidhani kama alikuwa akimkumbuka mama yake vizuri hivyo. Nikampa kisu na kiazi kitamu. Nikamwambia, kata hapa hicho ulichochora. Akakata, tukachovya, tukagandamiza kwenye kipande cha nguo kuukuu, na ndiyo siku ya kwanza nilipomsikia akicheka katika nyumba hii.

Toka hapo hakuna kilichosalimika. Ukimtuma chumvi Nyaishozi, anarudi na chumvi na kipande cha mbugu, ile nguo ya gome la mti, alichochorea kwa mkaa pambo la kikapu cha mwanamke fulani aliyemwona njiani. Akienda Igurwa kwenye msiba, watu wanalia, yeye anatazama mkeka waliokalia. Watoto wakinyolewa vichwa kwa mistari, anawashika mashavu awageuze huku na huku, mpaka mama zao wanamfukuza. Kasha langu la Kihindi lenye misumari ya shaba amelipapasa mpaka nimemwambia atalitoboa. Na hivyo vyote haviweki tu kichwani kama mtu anayeokota vitu njiani. Anakaa navyo, anauliza vinaitwaje, nani alimfundisha nani, kinawekwa wapi na hakiwekwi wapi, kisha anakata, na kinachotoka ni kitu ambacho si cha pwani wala si cha huku wala si cha ng'ambo, na kila mmoja wetu akikitazama anaona kuna chake mle ndani. Mimi mama yangu alinifundisha nyota, nami nafa na nyota zangu. Huyu nilimwonea wivu, nasema kweli, na nilimpenda zaidi kwa ule wivu.

Shehe, macho yako hayo. Najua unachotaka kusema, kwamba ukuta wa makafiri na kazi ya kofia havikai pamoja kwenye nguo moja. Hiyo kofia uliyovaa, mwanangu, ile pembe juu ya pembe inayozunguka ukingoni, ambayo waumini wote Bukoba walikuuliza imeshonwa wapi nawe ukajidai ni ya Lamu, Adija aliitoa kwenye ukuta wa bibi yake Gisaka. Umeiswalia kila Ijumaa. Usiivue, inakupendeza. Kaa nayo.

Enhe. Nimefika kwenye nguo.

Rwabigwi anamwoza binti yake, na Kemilembe, kwa mapenzi tu, akaagiza kwetu nguo ya kumfunika bibi harusi siku ya kutolewa. Adija akaona hii ndiyo nafasi. Hakutaka kumpa nyota. Alikuwa ameona kwa Kemilembe vile vifuniko vya vyombo vya maziwa, vilivyosukwa kwa ukindu vikachongoka, vyenye mstari mweusi unaozunguka ukipanda kutoka chini hadi kileleni, ukienda mkono wa kulia. Akakaa na wasukaji, akafundishwa, akauliza, wakamwambia mstari huo ni baraka ya mwenye nyumba na maziwa yake. Akarudi, akaukata kwenye mti jinsi alivyouona, usipotee hata unyuzi.

Ninyi wauza chumvi na pembe hamjui kazi hii, kwa hiyo nawaeleza. Chapa hugeuza. Kilicho kulia kwenye mti hutoka kushoto kwenye nguo. Mimi na mama yangu hatukuwa na haja ya kulifikiri jambo hilo, kwa sababu nyota ukiigeuza ni nyota ileile, na mraba ni mraba, na ua la mkadi ni ua la mkadi. Msokoto sivyo. Adija alipiga nguo nzima, kuanzia pindo hadi pindo, msokoto baada ya msokoto, na yote ikaenda kushoto. Tukaianika uani. Mtaa mzima wa watu wa pwani ulipita ukaitazama, ukasema maashallah, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu kwetu sisi mstari ukizunguka umezunguka tu.

Ikapelekwa. Wakaikunjua mbele ya wanawake. Na hawa watu walioko barazani ndio waliotueleza jana, mkiwa mmesimama hapo, kwamba katika nyumba ile mwanamke akifa binti zake humsukia kifuniko kimoja ambacho mstari wake unarudi nyuma, wakakiweka juu ya chombo chake, na chombo kile hakikamuliwi tena. Kwa hiyo fikirieni. Binti wa watu anatarajia kuolewa, analetewa nguo ambayo kila kipande chake kinamwambia kufa, kufa, kufa. Bibi harusi alipiga kelele akaitupa. Kemilembe alikaa chini. Na Rwabigwi akatuma fimbo hizi, akasema anataka chapa ile na mkono ulioikata. Mkono, wanangu. Hakusema kama anautaka ukiwa bado mwilini.

Mtoto mwenyewe aliligundua kosa kabla hata hao watu hawajamaliza kusema. Alikwenda akaichukua ile chapa, akaigandamiza kwenye kiganja chake, akakitazama kiganja, kisha akanitazama mimi. Sijaona uso kama ule toka siku ya ndui. Ndipo wewe, Shaaban, ukamkamata mkono ukamsukuma kwenye chumba changu cha nyuma, ukatia kufuli.

Siwalaumu kuogopa. Baba yake Rwabigwi ndiye aliyetupa mahali hapa pa kujenga, na anaweza kuamka asubuhi akasema tuondoke, na tutaondoka na watoto na mizigo kichwani kama tulivyokuja. Nimewaona wenzetu waliofukuzwa vilima vingine. Kuogopa nimewaachia. Kilichonikata maini ni jinsi mlivyohesabu haraka nani wa kutolewa.

Nani huyo anagonga? Mzee Mgeni, paza sauti tu usiinuke, uwaambie bado nasema. Waambie kwa lugha yao, kwa heshima, kwamba ukungu nauona kupitia tundu la dirisha na bado haujatoka kwenye migomba. Haya. Wamekaa? Nimesikia fimbo zikishuka.

Sasa mali. Nyumba hii ya mbele ilikuwa ya baba yenu na mmeshagawana, sina neno. Shamba la bondeni ni langu, nililipalilia kwa mikono hii, mligawane nusu kwa nusu na msiweke mpaka wa kugombania, wekeni njia. Ng'ombe wa maziwa aliyetoka kwa Kemilembe abaki bila kugawanywa, maziwa yaliwe na nyumba zote mbili. Herini zangu mpeni mke wa Shehe, amenivumilia.

Kisha kuna theluthi. Shehe, wewe ndiye msomi, nisahihishe nikikosea. Sheria inasema Adija harithi kwangu, kwa sababu baba yake amekufa mbele yangu nanyi mko hai, mmemzibia njia. Sivyo? Ndivyo. Na sheria hiyohiyo inasema kwamba katika mali yangu theluthi moja ni yangu mimi mpaka pumzi ya mwisho, nimwusie nimtakaye asiyerithi, na hakuna mwana wala kadhi wa kuitia mkono. Sivyo? Itikia, Shehe, mashahidi wasikie. Ahsante, mwanangu, hapo nimekupenda, umesema kweli japo inakuuma.

Basi mimi Mwanamisi, akili zangu timamu, namwusia Adija binti Othman theluthi yangu. Chumba changu cha nyuma, na uwanja wa kuanikia, na mitungi ya rangi, na kasha, na chapa zote za mama yangu na zangu na zake. Asifukuzwe, chumba kisiuzwe, naye asiozwe msafiri haraka haraka ili chumba kiwe ghala la chumvi. Shaaban, ghala ulishalipima kwa hatua, nilikusikia. Na chapa zisichomwe. Shehe, ile iliyokosewa ulishaichoma, nimenusa moshi wake, hiyo imetosha.

Umemaliza, mnaniuliza kwa macho. Sijamaliza. Mtajua nikimaliza.

Kaeni vizuri, kwa sababu ninalosema sasa litawainua, na nimeshawaambia kuhusu kuinuka.

Adija hayumo chumbani.

Kaa, Shaaban! Nimeliona goti lako. Radhi, mwanangu, radhi. Kaa.

Ufunguo uko kiunoni mwako, ni kweli, lakini chumba kile nilikijenga mimi, na nyuma ya mitungi nilitoboa ukuta pa kumwagia maji ya rangi, na mjukuu wangu ni mwembamba. Ulimfungia ndani na kila kitu anachokihitaji. Kisu kimo, mti umo, rangi imo, na ndani ya kasha kulikuwa na bafta nyeupe niliyomwekea yeye mwenyewe kwa siku yake ya kuolewa. Jana mchana kutwa mlisikia akigonga, mkadhani anaupiga ukuta kwa hasira. Alikuwa anapiga chapa. Alikata upya, safari hii akaugeuza msokoto mtini ili unyooke nguoni, na aliponipitishia kipande cha kujaribia kwenye ufa wa mlango huu hapa kichwani pangu niliona mstari unapanda kulia, kama unavyopanda kwenye vifuniko vya Kemilembe. Nikamwambia, nguo iko sawa, lakini nguo peke yake haitasema. Nenda nayo wewe. Akasema, bibi, wataniona. Nikamwambia, kesho nitawaita wote ndani na nitawashika. Nikikohoa kwa nguvu, pita.

Mlinipa maji, na wakati ule ndipo alipopita.

Msinitazame hivyo. Mlikuwa mnataka kumtoa amefungwa kamba, avutwe na wanaume mpaka kwa Rwabigwi, na mtu akiletwa amefungwa ameshahukumiwa, nani atasikiliza habari za kulia na kushoto? Nimemwambia asipite kwa Rwabigwi. Apite mlango wa wanawake, apige magoti kwa Kemilembe, aitikie salamu kwa lugha yao kama alivyofundishwa, amwombe maziwa kabla hajasema lolote. Kemilembe mtu akishakunywa maziwa yake nyumbani kwake, hata mwanawe hamgusi. Hilo nalijua, maana nimeyanywa. Lakini sijui kama atampa. Hilo silijui, wanangu. Nimemtuma mtoto wa Othman kwenye mlango ambao unaweza kufungwa usoni mwake, na nimelala hapa nawasimulia habari za maharage na mbuzi huku roho yangu iko kule kilimani. Mnadhani jasho hili ni la homa peke yake?

Ukungu. Shehe, hebu tazama. Umetoka kwenye migomba? Umetoka.

Wanainuka. Nasikia fimbo. Mzee Mgeni, usiwajibu sasa, waache wagonge. Shaaban... Shaaban, wewe nenda kizingitini, usikivuke, usimame tu kwenye mlango. Hapo nakuruhusu mimi mwenyewe. Waambie wewe ni nani. Waambie umenyonya ziwa gani. Waambie mtoto ni wako, na ameshakwenda kwa miguu yake, na wakitaka mtu wa kuvuta wakuvute wewe. Unaweza? Midomo yako imekauka, mwanangu, lowesha kwanza. Nenda.

Shehe, nishike mkono. Anasema nini? Sauti yake nasikia, maneno siyasikii. Amesema? Amesema "mtoto wangu"? Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Na wao wanasemaje?

Wananong'onezana. Basi tungoje. Nisomee kitu polepole, Shehe, Yasini, usiikimbize. Hapana, nyamaza. Nyamazeni wote. Mnasikia? Kule juu, upande wa kwa Rwabigwi. Masikio yangu au ni kweli? Mzee Mgeni, wewe una masikio, hizo ni kelele za msiba au ni vigelegele?

Vigelegele. Hawa wanawake wa huku wakipiga, mlima mzima unaitikia. Waacheni wapige. Wale wa barazani wanafanya nini? Wamekaa chini. Vizuri, wape kahawa za kutafuna, ni wageni.

Kizito... kifua kizito. Nilazeni kichwa juu kidogo. Wa kuniosha awe Adija na mke wa Shehe. Sanda nyeupe tupu, msinipambie kitu. Karibu na Othman na mkewe, wote wawili, msinitenganishe na yule mwanamke wa ng'ambo. Shaaban, jua likishuka leo uende kwa Kemilembe. Usipeleke zawadi. Peleka shikamoo.

Nani amesimama mlangoni anazuia mwanga? Njoo. Njoo, mama, sikuoni, nipe mikono. Ndiyo, ni wewe, rangi imekauka mpaka kwenye kiwiko. Mikono yote miwili... ngoja niishike yote. Yote ipo. Mdomo wako unanuka maziwa. Nguo iko wapi? Umeiacha? Umenyang'anywa? Sema kwa sauti, bibi yako masikio yanamwacha.

Ameivaa.

Mmesikia, wanangu? Anasema bibi harusi ameivaa. Kemilembe ameifuata mistari kwa kidole kutoka chini mpaka juu, kisha akamfunika binti kwa mkono wake.

Basi. Nimemaliza sasa. Nimewaradhia, wote, wewe Shaaban, na wewe Shehe na kofia yako, na Mungu awaradhie, awape watoto watakaowabishia, awape mvua kwa wakati, asiwatenganishe. Adija, Mungu akupe macho yako hayohayo mpaka uzee. Mkipata neno la kugombana, gombaneni mkiwa mmekaa mkeka mmoja... msipishane... njiani.

Shehe, sasa soma.

Shaaban. Sogea kidogo. Mpishe mtoto wako akae.